Harry Bridges: Kuli aliyeifunga bandari, kisha akaifungulia mashine

Mombasa hapana ukoo usiokuwa na mtu aliyepata kula riziki ya bandari. Kama si baba ni babu, kama si babu ni mjomba aliyekuwa akitoka Majengo alfajiri kwa miguu kwenda Kilindini kungoja kuandikwa kazi ya siku. Ndiposa leo, msomaji wangu, nataka tuzungumze habari za kuli mmoja wa mbali, Harry Bridges, aliyebeba mizigo katika bandari ya San Francisco kule Marekani. Sisi huku wengi hatukumsoma shuleni, lakini Wamarekani wa enzi zake walimjua. Wako waliompenda kama mzazi na wako waliotaka atiwe melini arudishwe kwao. Serikali yao ilihangaika kumfukuza nchini kwa zaidi ya miaka 15, isifaulu.

Kwao ni Australia. Alizaliwa mjini Melbourne tarehe 28 Julai 1901, akaitwa Alfred Renton Bridges. Jina la Harry alijichukulia baadaye, la mjomba wake aliyekuwa mfuasi wa chama cha Leba. Baba yake alikuwa mtu wa kuuza na kupangisha nyumba, naye kijana akitumwa kwa wapangaji kudai kodi. Kazi hiyo aliichukia, maana aliwaona watu maskini wakitoa shilingi za mwisho walizokuwa nazo. Alipopata nafasi akaingia ubaharia, akazunguka na meli, na mwaka 1920 akashuka San Francisco. Miaka miwili baadaye akaanza kazi ya kupakia na kupakua mizigo gatini.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu bila ya kujua kazi ilivyokuwa hatutaelewa kilichofuata.

Kila asubuhi, hata jua halijachomoza, mamia ya wanaume walikusanyika mbele ya jengo la feri, pale barabara ya Embarcadero. Wanyapara wa makampuni walipita wakiwatazama, huyu wakamwonyesha kidole, yule wakamruka. Aliyechaguliwa alikuwa na kazi ya siku hiyo. Aliyerukwa alirudi nyumbani mikono mitupu au akazunguka gati kwa gati mpaka jioni. Mwenye kutaka nyapara amkumbuke kesho alijua la kufanya: chupa ya pombe, noti iliyokunjwa ndani ya kiberiti, kumkopa pesa kwa riba hata kama huna haja nazo. Na aliyepata kazi huenda akafanyishwa saa 24 au 36 mfululizo ili meli iondoke mapema, kisha akakaa wiki nzima bila ya kuitwa. Mizigo yenyewe ilikuwa magunia, masanduku, mapipa na mbao, kitu kimoja kimoja kwa kulabu ya mkononi, chini ndani ya tumbo la meli, huku winchi ikishusha na kupandisha vichwani mwao. Asiyekufa kwa ajali aliondoka na mgongo mbovu.

Chama kilikuwapo kwa jina. Mgomo wa 1919 ulipovunjika, makampuni yaliunda chama chao wenyewe, na kila kuli alilazimika kubeba kitabu chake cha rangi ya buluu. Huna kitabu, huna kazi. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili kwa lugha yetu wenyewe, kwa kuwa hata neno kibarua lilitokana na kile kijibarua alichopewa mtu wa kazi ya siku. Kitabu cha buluu kilikuwa kijibarua cha namna hiyo, ila hiki ulikilipia mwenyewe ada kila mwezi na ukitoa malalamiko ndicho kilichokutaja. Bridges alikaa miaka mingi akikwepa kukilipia, na kwa hivyo mara nyingi alikosa kazi.

Mambo yaligeuka mwaka 1933. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka, Rais Franklin Roosevelt alikuwa mpya madarakani, na sheria yake moja ya kufufua viwanda ilikuwa na kifungu kilichowapa wafanyikazi haki ya kujiunga na chama wanachokitaka wenyewe. Makuli wa pwani ya magharibi, kutoka Seattle hadi San Pedro, wakavikimbia vitabu vya buluu na kujisajili upya. Bridges na wenzake wachache hawakuwa na cheo. Walichokuwa nacho ni gazeti dogo la kuchapisha kwa mkono na dai moja walilolirudia kila siku: wafanyikazi wenyewe wasimamie ukumbi wa kugawa kazi. Mshahara ulikuja nyuma ya hilo.

Naona hapo ndipo akili yake ilipokuwa. Kiongozi mwingine angeanza na senti. Yeye alijua kwamba ukiongezwa senti 10 na nyapara akabaki na kidole chake, senti zile zitarudi kwa nyapara.

Mgomo ulianza tarehe 9 Mei 1934 katika bandari zote za pwani ile, ukadumu siku 83. Mabaharia nao wakashuka melini kuunga mkono. Kiongozi mkuu wa chama, Joseph Ryan, alikuja kutoka New York, akakaa faraghani na makampuni, akatia saini makubaliano pasipo kuwauliza waliogoma. Alipokwenda kuwasomea wanachama walimzomea mpaka akaondoka. Tangu hapo Bridges ndiye aliyekuwa msemaji wa mgomo.

Jambo moja alilolifanya katika miezi hiyo lazima nilitaje. Katika migomo ya nyuma, makampuni yalikuwa yakileta wafanyikazi weusi kuvunja mgomo, nao weusi walikuja kwa kuwa chama cha wazungu hakikuwahi kuwafungulia mlango. Bridges alikwenda makanisani mwao akawaomba wasivuke mstari, akawaahidi kwamba mgomo ukishinda watafanya kazi bega kwa bega, si katika genge lao peke yao. San Francisco ahadi ilitimizwa, na baada ya miaka tawi la pale likawa na weusi wengi kuliko wazungu. Portland haikutimizwa. Tawi la kule lilikataa kumwandikisha mtu mweusi hadi miaka ya 1960, na Bridges, pamoja na sauti yake yote, hakulilazimisha. Alishikilia kwamba kila tawi lina kura yake. Mimi kwa hilo simsifu.

Tarehe 3 Julai makampuni yalianza kupitisha malori kwa nguvu chini ya ulinzi wa polisi. Tarehe 5, siku ya Alhamisi, polisi walirusha gesi ya kutoza machozi na kufyatua risasi. Watu wawili walikufa: Howard Sperry, kuli, na Nick Bordoise, mpishi mwenye asili ya Ugiriki aliyekuwa akijitolea kupika katika jiko la wagomaji. Usiku huo gavana akaleta wanajeshi gatini. Siku nne baadaye maelfu kwa maelfu ya watu walizifuata maiti zile katika barabara ya Market, kimya, bila ya mabango wala kelele. Polisi hawakuonekana, wagomaji wenyewe ndio walioongoza magari. Jiji lililokuwa likiwaona makuli kama wahuni likabadilika moyo katika mchana mmoja. Tarehe 16 vyama vingine vikagoma pamoja nao, na kwa siku nne San Francisco nzima ikasimama.

Uamuzi wa wasuluhishi ulitoka Oktoba. Mshahara ulipanda kutoka senti 85 hadi 95 kwa saa, kazi ikawa saa sita kwa siku, na ukumbi wa kugawa kazi ukawekwa chini ya makampuni na chama kwa pamoja, ila mgawaji mwenyewe akachaguliwa na wanachama. Mgawaji ndiye aliyekuwa yote. Kanuni waliyoiweka ilikuwa nyepesi kueleweka na mtoto: mwenye saa chache zaidi ndiye anayetoka kwanza. Hapana kidole, hapana chupa. Mtu aliyewahi kugomea neno la nyapara aliitwa sawa na mwenzake mpole. Mwaka 1937 wakajitoa katika chama cha Ryan, wakaunda chama chao cha wapakuzi na wafanyikazi wa maghala, kiitwacho kwa kifupi ILWU, na Bridges akawa rais wake kwa miaka 40. Mshahara wake wa urais ulikuwa wa kiasi, hautofautiani sana na wa kuli wa kawaida. Aliishi hivyo mpaka alipostaafu.

Kutoka bandarini chama kilivuka bahari hadi visiwa vya Hawaii, kwenye mashamba ya miwa na mananasi. Kule wenye mashamba walikuwa wamewatenga Wajapani kambi yao, Wafilipino kambi yao, Wareno kambi yao, na kila kabila likigoma, jingine huletwa kulivunja. ILWU iliwaingiza wote katika chama kimoja, na mgomo wa miwa wa 1946 ulizima karibu mashamba yote ya visiwa vile kwa siku 79. Mwenye kuijua siasa ya Hawaii ya baadaye atakwambia kwamba utawala wa makampuni matano ulianza kuvunjika hapo.

Sasa turudi kwa yale ya kufukuzwa. Bridges hakuwa raia, na adui zake walisema ni mkomunisti. Yeye alikana kwa kiapo kila alipoulizwa kama ana kadi ya chama hicho, lakini hakuficha kwamba anakaa nao, anafanya kazi nao na anakubaliana nao mengi. Kwa maoni yangu aliisifia Urusi ya Stalin kupita kiasi na kwa muda mrefu mno. Wakati wa vita kuu ya pili alikwenda mbali hata akawahimiza wanachama wake waongeze kasi ya kazi na wasigome, na baadhi yao hawakumsamehe.

Kesi ya kwanza ilisikizwa 1939 katika kisiwa cha Angel, ndani ya ghuba ya San Francisco, palipokuwa pakizuiliwa wahamiaji. Msikilizaji alikuwa James Landis, mkuu wa kitivo cha sheria cha Harvard. Baada ya wiki nyingi za mashahidi aliona ushahidi hautoshi. Mwaka uliofuata Bunge la Wawakilishi likapitisha mswada wa kumfukuza mtu huyu mmoja, kwa jina lake, jambo ambalo hata Wamarekani wengi waliona ni aibu. Mswada haukufika mwisho, lakini sheria ya wageni ilibadilishwa, kesi ikafunguliwa upya 1941, na safari hii akashindwa. Ilibidi ifike Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1945 ilimpa haki. Akaapishwa uraia mwaka huo huo. Mwaka 1949 akashtakiwa tena, kwamba alisema uongo chini ya kiapo cha uraia. Akahukumiwa miaka mitano, akalala jela wiki chache mwaka 1950 kwa kupinga vita vya Korea huku rufaa ikingoja, na mwaka 1953 Mahakama ya Juu ikaitupa hukumu ile. Jaribio la mwisho lilikufa 1955.

Wakati huo upepo ulikuwa umewageukia wafanyikazi wote. Sheria ya Taft-Hartley ya 1947 iliyapa majimbo ruhusa ya kukataza mikataba inayomlazimu mfanyikazi kuchangia chama, na ikawataka viongozi wa vyama waape kwamba si wakomunisti. Shirikisho la viwanda, CIO, liliogopa, likavifukuza vyama 11 vya mrengo wa kushoto, ILWU kikiwamo. Vingi vilikufa. Cha Bridges kilisalia, na sababu naiona ni ile ile: kilikuwa na ukumbi. Mwanachama hakukihitaji chama mara moja kwa mwaka wakati wa mkataba, alikihitaji kila siku anapokwenda kuitiwa kazi.

Katika kipindi hicho hicho alimposa Noriko Sawada, Mmarekani mwenye asili ya Japani ambaye familia yake ilifungiwa kambini wakati wa vita. Desemba 1958 walikwenda Reno, Nevada, kufunga ndoa, karani akawakatalia kwa kuwa sheria ya jimbo ilikataza mzungu kumwoa mtu wa rangi yao. Bridges, aliyekuwa mzoefu wa mahakama kuliko mawakili wengi, akapeleka shauri kwa hakimu, akapata cheti. Mwaka uliofuata sheria ile ikafutwa.

Kisha likaja kontena.

Mwaka 1956 mfanyibiashara wa malori, Malcom McLean, alipakia makontena 58 katika meli moja huko Newark akayapeleka Houston. Mwaka 1958 kampuni ya Matson ikaanza kuyapeleka Hawaii kutoka pwani ya magharibi. Bridges alikuwa miongoni mwa viongozi wachache walioona mapema kwamba hili si chombo kipya cha kubebea, ni mwisho wa kazi ya kubeba. Meli iliyokuwa ikikaa gatini wiki nzima itaondoka kwa siku moja au mbili, na magenge yaliyokuwa yakiingia tumboni mwake hayatakuwa na la kufanya.

Alikuwa na njia mbili. Angeweza kugoma na kuzuia, kama wengine walivyofanya, akachelewesha miaka kadhaa. Alichagua kuuza. Mkataba wa 1960 uliwapa makampuni uhuru wa kuleta mashine na kupunguza watu katika genge, nao makampuni wakaahidi kutoa dola milioni 29 kwa miaka mitano na nusu. Hakuna mwanachama kamili atakayeachishwa kazi kwa sababu ya mashine, na mzee aliyetumikia miaka 25 akastaafu na karibu dola 8,000 mkononi, juu ya pensheni yake. Kwa kuli wa 1960 hizo zilikuwa pesa za kununulia nyumba. Magazeti ya matajiri, yaliyokuwa yakimtukana tangu 1934, yakaanza kumwita mtu wa busara.

Waliolipa gharama ni wale ambao hawakuwa mezani. Chama kilikuwa kimefungua daftari la pili, la vijana wasio na kura ambao walipewa kazi iliyobaki baada ya wanachama kamili kuchagua. Mwaka 1963 wapatao 80 kati yao waliondolewa San Francisco kwa makosa ambayo wengi waliyaona madogo, wakahangaika mahakamani miaka na miaka wakikishtaki chama chenyewe. Na mkataba wa 1966 ukaruhusu kifungu kilichoonekana kidogo: makampuni yaweze kuwa na madereva wao wa kudumu wa kreni, wasiopitia ukumbini. Yaani mtu mwenye ujuzi mkubwa, anayeendesha mashine inayofanya kazi ya magenge, ndiye aliyerudi kuchaguliwa na mwajiri. Vijana walimwambia Bridges kwamba amekitoboa chombo alichokiunda mwenyewe. Mimi nafikiri walikuwa na haki, ingawa sijui chama gani kingine cha zama zile kilichopata hata nusu ya kile alichokipata yeye kwa wazee wake.

Julai 1971 wanachama waligoma, yeye mwenyewe akiwa hana hamu ya mgomo huo. Uliendelea siku 134 kwa ujumla, katikati ukasimamishwa kwa amri ya mahakama iliyoombwa na Rais Nixon. Mishahara ilipanda, kifungu cha madereva wa kreni kikabaki. Bridges alistaafu 1977. Magati ya San Francisco yalikuwa yamekwisha kunyamaza, kwa kuwa makontena yanataka uwanja mpana na uwanja ulikuwa ng'ambo ya ghuba, Oakland. Mabanda ya mizigo yakawa mahoteli na maofisi.

Nje ya bandari hali ilikuwa mbaya zaidi. Katikati ya miaka ya 1950 karibu thuluthi ya wafanyikazi wa Marekani walikuwa ndani ya vyama. Leo ni mmoja katika kila kumi, na ukiwatoa wa serikali, ni kama sita katika kila mia. Viwanda vya magari, chuma na nguo vilihamia majimbo ya kusini ambako chama hakitakiwi, kisha vingine vikahamia nchi za nje. Mwaka 1981 Rais Reagan aliwafuta kazi kwa siku moja waongozaji wa ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na waajiri wa kawaida wakajifunza kwake. Na vyama vyenyewe navyo vilichangia: vingi vilishughulikia mkataba wa waliomo, vikawasahau walio nje ya mlango. Makuli wa pwani ile ya magharibi wamebaki wachache, wenye mishahara ambayo mwalimu wa shule huihusudu, na bado wanaitiwa kazi ukumbini. Kila tarehe 5 Julai husimamisha bandari kwa ajili ya Sperry na Bordoise.

Sisi huku tuliwahi kuwa na Januari yetu ya 1947, mji wa Mombasa uliposimama pamoja na bandari yake, na Chege Kibachia aliyeuongoza mgomo ule akapelekwa kizuizini mbali na pwani. Kontena nalo halikutusahau. Lakini hayo yataka makala yake.

Mwishoni mwa 1984 meli moja ilifika San Francisco na shehena ya Afrika Kusini. Wapakuzi wa tawi la Bridges walipakua vingine vyote, shehena ile wakaiacha ndani siku 11, mpaka mahakama ilipoingilia. Yeye alikuwa mzee wa miaka 83 aliyekwisha staafu. Alifariki San Francisco tarehe 30 Machi 1990. Miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Juni, Nelson Mandela alisimama katika uwanja wa michezo wa Oakland, mbele ya maelfu ya watu, akawashukuru makuli wa tawi lile kwa siku zile 11.